Yaliyobaki kwenye Ukuta wa Tazamani

Watu huniuliza Tazamani iko wapi, nami huwajibu kwamba swali hilo limechelewa. Nilifika huko mara mbili. Mara ya kwanza nchi ilikuwa changa, nikakaa mpaka nikasahau kuondoka. Mara ya pili ni siku zile walipokuwa wanaifunga. Nilifikaje, hilo halitamsaidia mtu. Ninachotaka kusimulia ni nilichokiona, kwa sababu wale walioifunga wameanza kusema kwamba pale hapakuwa na kitu, ni ukuta tu, na mimi kwa watu wa namna hiyo nina kasoro moja: sisahau.

Nchi yenyewe ni ukuta kweli. Kuna nyumba, kuna mashamba ya muhogo, watu wanaoa na kuolewa kama kwingine, lakini ukimuuliza Mtazamani kwao ni wapi hatakutajia kijiji, atakutajia kipande cha ukuta. "Mimi wa pale mbele, ukishapita lile doa la maji." Ukuta huo umepita katikati ya nchi nzima, umepigwa plasta ya chokaa, na juu yake una kipaa cha kuzuia mvua. Waliojenga ni mtu na mkewe ambao, inasemekana, walitaka tu mahali pa kubandika picha za mbuzi wao. Jirani akaomba nafasi. Jirani wa jirani naye akaomba. Wenyewe wakasema bandikeni, ukuta si chakula kwamba utakwisha. Katiba ya Tazamani ilikuwa hiyo, na sijaona nyingine iliyofanya kazi vizuri kuliko ile.

Kila Mtazamani alikuwa na kamera yake, na kila siku alipiga picha moja akaja kuibandika. Moja tu. Picha ya nini? Ya chochote. Sufuria iliyotoboka. Kisigino cha baba. Mlango wa choo ulioingiwa na jua la saa kumi. Mwanzoni nilidhani wamepungukiwa akili, maana kwetu picha ilikuwa ni ya harusi, ya kitambulisho, au ya kuweka juu ya jeneza. Haukupita muda nami nikajikuta nimechuchumaa uchochoroni, nimebana pumzi, naipiga picha ndoo.

Sheria iliyoandikwa ilikuwa moja, nayo ilikuwa kali: hakuna kuitazama picha ya mtu ukaondoka kimya. Ukisimama, andika neno. Vibweta vya mkaa viliwekwa chini ya ukuta, unachukua kipande, unaandika kwenye plasta pembeni ya picha kile ulichokiona. Hukulazimishwa kusifu. Ulilazimishwa kuona. Nilihudhuria kesi ya kijana mmoja aliyekamatwa ameitazama picha ya shangazi wa mwenzake halafu akaenda zake. Alijitetea kwamba hakuwa na la kusema. Hakimu, mwanamke aliyeuza vitumbua asubuhi na kuhukumu jioni, alimwambia arudi akasimame pale mpaka apate. Kijana alisimama, akahamisha uzito mguu huu na mguu ule, watu wakamletea maji. Mwishowe aliandika: "Shangazi huyu anatazama kama mtu anayejua siri yangu." Shangazi mwenyewe alipokuja kusoma alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini desturi iliyonishangaza zaidi, na ambayo ndiyo ilikuja kuwaumiza, ni kwamba Watazamani hawakuandikiana barua. Karatasi walikuwa nazo, kalamu walikuwa nazo. Ila kwao kumwandikia mtu faraghani, pasipo wengine kuona, kulikuwa sawa na kumnong'oneza mwenzako sikioni wakati wageni wako mezani. Ukiwa na la kumwambia mtu, unakwenda kwenye picha yake unaliandika hapo. Pole za misiba ziliandikwa ukutani. Uchumba ulianza na kuvunjika ukutani, na kila apitaye akatoa maoni. Niliwauliza: na ukuta ukiondoka? Waliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeuliza jua likigoma itakuwaje.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi. Mashavu, mshona magodoro, mwanamke wa maneno machache na kicheko kirefu. Alipiga picha za vitu vilivyoachwa: kiti kinachonyeshewa, ndala moja njiani, kikombe kilichosahauliwa ukingoni mwa kisima. Na karibu kila picha yake ilikuwa na neno kutoka kwa mtu mmoja aliyejiita Faki, mpagazi wa chumvi kutoka mwisho wa ukuta, kule machimboni. Faki alipita upande huu alfajiri na mzigo wake, Bi. Mashavu akiwa bado kitandani. Naye Bi. Mashavu alikwenda upande wa Faki siku za mapumziko, Faki akiwa njiani. Kwa hiyo hawakuonana.

Chini ya kile kiti Faki aliandika: "Kinamsubiri mtu asiyependa kuitwa." Chini ya ndala: "Mwenzake amekwenda kuomba msamaha." Chini ya sufuria iliyotoboka aliandika kwamba isitupwe, itiwe udongo, ioteshwe giligilani. Bi. Mashavu akafanya hivyo, giligilani ikaota, akaipiga picha akaibandika. Faki aliandika neno moja: "Nilikwambia." Nilimkuta Bi. Mashavu amesimama mbele ya neno lile asubuhi, mkono kiunoni, anacheka peke yake.

Faki naye alipiga picha za vizingiti tu. Vizingiti vya nyumba za watu, na viatu vilivyovuliwa pale. Yeye mwenyewe hakuwahi kujionyesha. Nilimwambia Bi. Mashavu kwamba ingetosha aamke mapema siku moja tu wakutane. Aliniangalia kama niliyesema jambo la kitoto.

"Kwani hatukutani?" akasema.

Sasa nije kwenye uharibifu, na nitausema kwa mpangilio, maana walioufanya wanapenda kusema kwamba ulitokea wenyewe.

Wale wenye mbuzi walizeeka, wakauuza ukuta. Hilo peke yake lilikuwa habari: wengi hawakujua kwamba ukuta una mwenyewe. Walionunua walijiita Kampuni ya Utunzaji, na jambo lao la kwanza lilikuwa la hisani. Walisema Watazamani ni watu wenye kazi nyingi, kuandika kunawachosha, basi pembeni ya kila kibweta cha mkaa wataweka kisahani cha wino mwekundu. Badala ya neno, chovya kidole gumba, gonga, endelea na safari.

Likaitishwa baraza kujadili kama kidole ni neno. Nilikuwepo, na nilisema hapana, nikasema kwa sauti, mpaka msemaji wa Kampuni akauliza kama mgeni huyu amekuja na koo lake au ameazima la mnadi. Watu walicheka. Mimi pia ningecheka kama ningekuwa upande wake. Msomi mmoja akathibitisha kwamba kidole kinasema yote ambayo neno linasema, tena bila makosa. Mama mmoja nyuma aliuliza kidole cha pole na kidole cha hongera vitatofautishwaje. Msomi alifikiri, akajibu kwamba mtu ataitazama picha: kama kuna maiti, ni pole. Jibu hilo lilipokelewa, na kidole kikapita kuwa neno kwa kura za vidole.

Baada ya wino wakaja Wapangaji, watumishi wa Kampuni wa kupanga picha. Sasa mtu hakubandika tena picha yake mwenyewe, aliikabidhi. Aliyepata vidole vingi jana, picha yake ya leo ilibandikwa usawa wa macho. Aliyepata vichache, ilibandikwa chini, usawa wa kifundo cha mguu, pale mbwa wanapokojoa. Watu si wajinga. Ndoo na visigino vikatoweka. Kila mtu akapiga picha ya sahani ya pilau, mtoto mchanga au uso wake mwenyewe umegeuzwa kidogo upande. Katikati ya nyuso hizo zikabandikwa picha za sabuni, na sabuni hazikuulizwa zina vidole vingapi. Nilimwona mtu mzima, baba wa familia, amekopa mtoto wa jirani ampakate apate kupanda hadi usawa wa macho.

Picha za Bi. Mashavu zilishuka mpaka chini kabisa. Hakubadilika, aliendelea na viti vyake. Na kila asubuhi neno la Faki lilikuwepo, ila sasa herufi zake zimelala upande, ndefu, zenye kutetemeka kidogo, na mtu aliyeangalia vizuri alijua kwamba ni mwandiko wa mtu aliyetua gunia la chumvi akalala ubavu kwenye vumbi ili aone.

Mimi niliondoka wakati huo. Baraza lilikuwa limenipiga marufuku kusema mpaka nipate vidole, na vidole sikuwa navyo.

Niliporudi, tangazo lilikuwa limeshabandikwa kila mahali, usawa wa macho. Lilisema: Wapendwa Watazamani, tumekuwa na wakati mzuri pamoja. Kampuni imetambua kwamba watu sasa wanapenda picha zinazotembea, ambazo ukuta hauwezi kuzibeba. Mwisho wa mwezi ukuta utazungushiwa mabati, nao hautatazamwa tena. Tunawashukuru kwa kumbukumbu zenu. Chini ya tangazo palikuwa na alama nyekundu za vidole, nyingi sana. Hakuna aliyejua kama ni za pole au za hongera.

Utaratibu wa kuondoka uliwekwa kwa heshima kubwa. Kila mtu aliruhusiwa kubandua picha zake. Maneno, hata hivyo, yalikuwa mali ya walioyaandika. Kampuni ilieleza kwamba haiwezi kumwachia mtu maneno ya mwingine, kwa kuwa inamheshimu mwandishi. Aliyeandika angeweza kuja kunakili yake mwenyewe. Na maneno ya marehemu yangetolewa kwa warithi tu, wakifika wenyewe.

Nilimkuta Bi. Mashavu siku ya mwisho, ana kapu kubwa la ukindu, kichwa kimeanza mvi. Alinisalimu kama vile niliondoka jana. Nikamuuliza Faki hajambo. Akaniambia Faki amekufa, kifua, mwaka uliopita. Nani alimpa habari? Hakuna. Asubuhi moja alikuta picha yake haina neno. Kesho yake haina. Akafunga kibanda cha magodoro, akatembea mpaka machimboni, na chini ya kizingiti cha mwisho cha Faki akakuta watu wameandika pole.

Barua yake hata moja hakuwa nayo, kwa sababu hakuwa mtu wa kukosa adabu, na Faki vilevile. Yote waliyoambiana yalikuwa kwenye plasta.

Tulikwenda kwa afisa wa kufunga, kijana nadhifu aitwaye Makuka, amekaa kwenye meza iliyowekwa chini ya mwavuli. Bi. Mashavu alimweleza anachotaka: picha zake, pamoja na maneno ya Faki. Makuka aliuliza kwa upole Faki ni nani wake.

"Ni Faki."

"Jina nimelisikia, mama. Ni mumeo?"

"Hapana."

"Kaka? Mjomba?"

"Hapana."

"Mlikuwa mnafanya kazi pamoja."

"Mimi nashona magodoro. Yeye alibeba chumvi."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Hatujawahi kuonana."

Makuka aliweka mikono juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera. "Basi, mama yangu, mtu huyu humjui."

"Yeye alinijua," akasema Bi. Mashavu. "Nilipovunjika mguu alitambua kabla ya dada yangu wa tumbo moja. Aliona picha zote za wiki ile zimepigwa kutoka kitandani. Akaandika, Bi. Mashavu, umeanguka wapi?"

Makuka alipekua karatasi zilizokuwa mezani. Kisha akasema sheria inamtambua mrithi, mwenza na mwakilishi wa mrithi, na kwamba mtu wa namna anayoisema yeye, sheria haina mahali pake. Akamshauri amtafute mtoto wa marehemu. Tulijua mtoto yuko. Alikuwa kwenye nchi ya picha zinazotembea, na hakuwahi kusikia kwamba babake aliandika chochote. Na mabati yalikuwa yameshashushwa kutoka kwenye mikokoteni.

Nikasema angalau anakili. Makuka akasema kunakili neno la mwingine ni wizi. Bi. Mashavu akasema hana haja ya kunakili, yote anayajua. Angeweza kuyasema pale pale toka la kwanza. Hakuwa anatafuta maneno. Alitaka ule mkono ulioyaandika.

Hapo ndipo nilipopanda juu ya kibweta cha mkaa nikawahutubia. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na kisu chake cha kubandulia. Niliwaambia wasibandue hata picha moja. Niliwaambia kama hakuna anayetoka na chake, Kampuni italazimika kuzungumza, maana itafunga mabati juu ya nyuso za nchi nzima. Niliwakumbusha ni nani aliyeijaza plasta ile, na kabla ya wao ilikuwa na thamani gani. Walinisikiliza vizuri. Mbele yangu alisimama mwanamume mmoja wa makamo, ana picha kwapani.

"Bwana mkubwa," akasema, "unayosema ni kweli. Lakini mama yangu nimemwona mara ya mwisho kwenye picha hii. Mabati yakishuka, wewe utarudi kwenu. Mimi nitamwona wapi?"

Nilitafuta jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo. Aliningoja kwa adabu, kisha akaenda, na wengine wakarudi kwenye kubandua.

Basi nikajaribu njia yangu nyingine. Nilikuwa na patasi. Nilikwenda kwenye kipande changu cha zamani, pale kwenye ndoo, ambapo mtu fulani aliwahi kuniandikia, "Mgeni ameanza kuona." Nilichora mstari kuzunguka maneno yale, nikagonga taratibu, kama mtu anayetoa yai kwenye kiota. Plasta ilikuwa kuukuu. Ilitoka kipande kimoja, ikakaa mkononi mwangu kwa pumzi moja, ikawa unga. Makuka alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Umemaliza?" akauliza. "Kama umemaliza, watakuja kufagia."

Nilirudi kwa Bi. Mashavu nikipita kando ya ukuta, na sijaona kitu cha ajabu kama kile. Picha zilikuwa zimekwisha kubanduliwa sehemu kubwa. Palibaki miraba myeupe, safi, na kuzunguka kila mraba yamebaki maneno. "Huyu paka anadai mtu." Mraba mtupu. "Mwambie asikunje uso, kapendeza." Mraba mtupu. "Pole sana, tulimpenda sote." "Hiyo shati umeirudisha lini?" "Jamani mwanga huo." Ukuta mzima unaongea, unasifia, unatania, unafariji, na mbele yake hakuna kitu wala mtu.

Bi. Mashavu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, maana picha zake nyingi zilikuwa chini. Alikuwa ameshaingiza kisu nyuma ya picha ya kiti, pembe moja imeinuka. Pembeni yake yalilala yale maneno marefu ya mtu aliyelala ubavu. Wafanyakazi wa mabati walikuwa wamefika kwenye doa la maji. Nilimwambia afanye haraka, muda umekwisha, nitamsaidia za juu.

Alikuwa anatazama mraba mtupu wa jirani yake, akisoma yaliyoachwa pale. Alisoma mpaka mwisho, midomo ikichezacheza. Kisha akakichomoa kisu. Akaibonyeza ile pembe kwa kiganja, akaishikilia mpaka gundi ikakamata tena.

"Bi. Mashavu," nikasema. "Zitoe. Zikibaki humu huzioni tena maisha yako."

"Najua."

"Hutabaki na kitu."

"Mgeni, nikizitoa," akasema, "Faki atakuwa anaongea peke yake."

Alisimama, akajipangusa magoti. Alipitia picha zake zote, moja baada ya moja, akibonyeza pembe zilizolegea. Mfanyakazi wa kwanza alikuja na bati begani, akasimama kungoja apite, akamwita mama, akamwomba radhi. Tulitoka. Nilitaka kumpokea kapu akakataa. Lilikuwa tupu, naye alilibeba kwa mikono miwili.